Skuta kubwa Dodoma: pima kwanza njia ya kutoka lami hadi getini kwako

Ndugu uliyeuliza kama Suzuki Skywave 400 iliyotumika itakufaa kwa safari ya kila siku kutoka Nkuhungu hadi Mji wa Serikali Mtumba, nakujibu kama mtu aliyekaa na skuta ya aina hiyo kwa miaka minne, tangu ofisi yetu ilipohamia huku. Wengi waliokujibu wamezungumzia mafuta na kasi. Kwa maoni yangu hayo si ya kukuumiza kichwa: kwenda na kurudi kwangu ni kama kilomita 45, tangi ni la lita 13.5, na mara nyingi najaza Jumapili jioni nikamaliza nalo juma zima la kazi.

Kwenye lami skuta hii ni raha tupu. Ukishapita viwanja vya Nanenane na kuanza kuitafuta Ihumwa, upepo wa Juni hadi Agosti, ambao humyumbisha mwenye pikipiki nyepesi na kumfikisha kazini akitetemeka, wewe unaupokea nyuma ya kioo kipana, miguu ikiwa imekingwa, na suti yako imetulia. Chini ya kiti linaingia begi la kompyuta, koti la mvua na mboga za jioni. Gia hakuna, kwa hiyo nyuma ya malori huchoki mkono wala mguu.

Shida huanza unapoiacha lami. Rimu zake ni za inchi 14 mbele na 13 nyuma, ilhali pikipiki za bodaboda kwa kawaida zina 17 au 18. Tumbo lake liko chini, na uzito wake unazidi kilo 200. Kichanga cha mitaa yetu, kile kinachoonekana kigumu asubuhi na kugeuka unga baada ya lori la mchanga kupita, huimeza tairi ya mbele kabla hujajua kinachotokea. Mimi nilianguka mita thelathini kutoka getini kwangu, nikiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu nilikamata breki ya mbele huku usukani umekata kona. Sikuumia, ila nilishindwa kuinyanyua peke yangu mpaka vijana wawili wa bodaboda waliposhuka kunisaidia (na kunicheka, jambo ambalo nilistahili). Tangu siku hiyo, kwenye mchanga nashika breki ya nyuma tu, kidogo kidogo, huku nikiacha injini ivute.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Injini hii husukuma gurudumu kwa mkanda wa mpira, na nyumba ya mkanda huo ina chujio lake, tofauti na lile la injini. Fundi aliyezoea pikipiki za mnyororo anaweza kulisafisha la injini akaridhika, asijue kwamba la pili lipo. Ndivyo ilivyonitokea, na mkanda wangu ukaanza kuteleza, injini ikinguruma bila skuta kuongeza mwendo. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini, na kama hana jibu, weka gharama ya mkanda mpya na rola zake (vizito vidogo vinavyosogeza puli ya mkanda) kwenye bei. Spea zitafute pia kwa jina la Burgman, ambalo ndilo jina la skuta hii hii katika nchi nyingine, kwa kuwa Skywave ni jina lililotumika Japani.

Ile Skywave ya cc 650 unayoitamani ina silinda mbili na uzito zaidi, na mfumo wake wa mkanda unaongozwa kwa umeme. Kwa kilomita 45 za mjini sioni itakupa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tembea kwa miguu kutoka lami hadi nyumbani kwako, kisha uliza wenyeji njia hiyo huwaje korongo likijaa. Yangu haipitiki kuanzia Januari. Nimeelewana na mama mmoja mwenye duka kando ya lami, skuta inalala uani kwake hadi Aprili kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, nami namalizia kwa miguu nikiwa na gambuti.