Kwa ndugu anayetaka kumaliza vitabu 50 vya kale mwaka huu: futa hiyo orodha

Ndugu yangu wa Masasi, futa hiyo orodha usiku huu kabla hujalala. Umeandika kwamba umejiwekea shindano la kumaliza vitabu 50 vya fasihi ya kale kabla ya Desemba, kwamba wiki ya kwanza umeipangia "Vita na Amani" ya Tolstoy, kisha ukauliza ufuatishe kipi, ununue wapi huku kusini kwa bei nafuu, na kama kusoma kwenye simu kunahesabika. Nimelisoma swali lako mara mbili, nikahisi kama ninasoma barua niliyoiandika mwenyewe miaka minne iliyopita, maana hata hiyo safu ya kutia alama ya vema nilikuwa nayo, tena yangu niliipaka rangi ya kijani.

Mimi niliazimia 52, kitabu kimoja kila wiki. Aliyenitia katika mkumbo huo ni mhamasishaji mmoja wa mtandaoni, ambaye kwa ada ya shilingi 15,000 aliniingiza katika kundi la WhatsApp na kunifundisha kwamba mtu mwerevu husoma sura ya kwanza, sura ya mwisho, na sentensi ya kwanza ya kila aya iliyo katikati. Nilimwamini kwa sababu nyuma yake kulikuwa na rafu ya vitabu iliyofika darini, ilhali mimi, karani wa ghala la korosho, nyuma yangu kulikuwa na magunia. Kwa mtindo ule mtu anaweza kwenda harusini, akaramba ukingo wa sinia, akarudi nyumbani kutangaza kwamba amekula pilau. Hadi leo sijui kama bwana yule aliwahi kumaliza hata kimoja, na nikikumbuka jinsi alivyokuwa akitupongeza kwa emoji za moto kila Jumapili, hasira hunipanda upya.

Haikuchukua muda nikaanza kuchagua vitabu kwa wembamba wao. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, "Juliasi Kaizari" ya mwaka 1969, niliifungua basi lilipotoka Mtwara. Tulipofika Mnazi Mmoja nilikuwa nimekwisha kumwua Kaizari, na kabla hatujaingia stendi ya Lindi nilikuwa nimewazika na waliomwua. Nikajiona shujaa. "Kusadikika" ya Shaaban Robert niliimaliza nikisubiri matokeo ya mnada, nikatia alama ya vema, na jioni ile ungeniuliza Karama alishitakiwa kwa kosa gani, ningekujibu kwamba kitabu kilikuwa kizuri sana.

Lakini hayo ni madogo. Lililonigharimu ni kitabu namba 31.

Namba 31 ilikuwa "Utenzi wa Vita vya Maji Maji" wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi hii hii, juu ya vita vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905. Nilipata nakala ya fotokopi kwa rafiki yangu mwalimu, nikaisoma Alhamisi usiku kwa muda wa saa moja hivi, redio ikitangaza mpira pembeni, macho yakiteremka ukurasa kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha ya malipo. Nikatia alama ya vema.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Kilwa Kivinje kwenye hitima ya shemeji yangu. Baada ya chakula tulikaa barazani na kahawa, na mzee mmoja wa ukoo, ambaye umri wake hata wanawe walikuwa wakibishana juu yake, akanisogelea na bakora yake.

"Mjukuu wangu, nasikia wewe ni msomaji."

"Najitahidi, babu."

"Utenzi wa yule bwana wa Lindi, wa vita vya Wajerumani, umeusoma?"

"Nimeusoma, babu."

"Basi nighanie ubeti mmoja tu, mahali popote, halafu nikwambie mahali ambapo babu yangu alikuwa akibishana nao."

Ndugu yangu, elewa nilichokuwa nikipewa. Tulikuwa Kivinje, mji wenye Mwembe Kinyonga, ambako Wajerumani waliwanyonga watu wa vita vile, na mbele yangu alikuwa mtu aliyesikia habari zake kwa babu yake mwenyewe, tena yuko tayari kuzilinganisha na maandishi, mstari kwa mstari. Alikwisha kuanza kugonga bakora sakafuni taratibu, akinitengenezea mapigo ya kuingilia. Mimi kichwani nilikuwa na namba 31. Sikuwa na ubeti, sikuwa na mstari, sikuwa hata na nusu ya mstari, na kwa kuwa aibu humfanya mtu kuwa mjinga zaidi, nikatoa simu nikamwonyesha jedwali langu la kijani. Aliliangalia kwa muda, akauliza, "Haya ni mabao?" Kisha akageukia wenzake, wakaendelea na habari za bei ya ufuta.

Nilijiahidi kwamba nitausoma vizuri na kurudi. Alifariki masika ya mwaka uliofuata, wakati mimi nikiwa ubeti wa kumi na kitu. Mahali alipobishana babu yake sitapajua.

Tena la kuudhi zaidi ni kwamba utenzi haumfichi mtu ambaye ameusoma kama unavyotaka kusomwa. Mistari minne katika ubeti, mizani minane katika mstari, vina vitatu vinavyofanana, kisha mstari wa nne unarudia kina kile kile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho: wazee waliutengeneza hivyo ili uingie kwa sikio na kushikwa na watu ambao hawakuwa na karatasi. Mimi niliuingiza kwa jicho moja, huku jingine likitazama namba 32.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, na utanisamehe kama nitairudia: kitabu cha pili hakifunguliwi mpaka cha kwanza umemsimulia mtu ambaye hakukisoma, bila kukishika mkononi, naye akaridhika. Usijisimulie mwenyewe, kwa maana wewe utaridhika upesi. Mimi humsimulia binti yangu wa miaka kumi, na hapo ndipo nilipoanza kuionja hiyo raha ambayo watu huisifia. "Kusadikika" hiyo hiyo ya kusubiri mnada ilituchukua jioni sita, jioni moja kwa kila mjumbe, na jioni ya pili alinisimamisha akauliza kwa nini mtu aliyetumwa kutafuta faida ya nchi yake afungwe anaporudi nayo. Ilinibidi nikirudie kitabu kizima ili nimjibu, na safari hiyo ndiyo nilimsikia Karama akizungumza mbele ya baraza lile, Waziri Majivuno akiwa amemkazia macho, wala sikutamani amalize.

Tolstoy msogeze mbele, usimfute. Kitabu kile kilichotoka kizima mwaka 1869 kina watu zaidi ya 500, na Mrusi mmoja huitwa kwa jina lake na la baba yake hapa, kwa jina la ukoo pale, na kwa jina la kudekezwa ukurasa unaofuata, sawa na mama yangu ambaye sokoni ni Binti Hasani, mtaani ni Mama Salumu na kwa dada zake ni Bibie. Mtu mwenye wiki moja atadhani wamekufa watatu, kumbe ni mmoja na bado yuko hai. Mwaka mzima ukikitosha, umebahatika, na umpate wa kumsimulia, hata kama ni abiria mwenzako.

Tangu Januari mimi nimemaliza viwili. Cha tatu kiko juu ya kabati na gazeti lake la kufungia, kwa sababu binti yangu anadai cha pili niliruka mahali, na bado tunabishana ni wapi.