Moyo wa mama kulegea baada ya msiba

Pole sana, dada. Umeuliza kama mama, aliyebanwa kifua kwenye mazishi kule Kondoa, atapona, maana mishipa ya moyo imekutwa haijaziba. Huu ni ugonjwa uitwao takotsubo, moyo kulegea kwa mshtuko wa huzuni, na wengi hupona kabisa. Inadhaniwa adrenalini nyingi, homoni ya mshtuko, ililegeza misuli ya chemba ya kushoto ya moyo: ncha yake ya chini imevimba kama puto, huku sehemu ya juu ikibana kwa nguvu. Ndiyo maana troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ilipanda kama ya mshtuko wa moyo.

Hatari iko wiki hizi za mwanzo. Damu inaweza kuganda kwenye ncha isiyosukuma, ikaenda kwenye ubongo. Asiache dawa eti kapata nafuu! Akizimia, akipooza upande au akikosa pumzi akilala chali, mkimbizeni usiku huohuo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, kiungo cha kuzibua pua, asiguse. Rudieni eko ya moyo, yaani kipimo cha picha cha mawimbi ya sauti, hapo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, baada ya wiki 4 hadi 8.