Kiko cha kioo au bomba la kioo?

SWALI: Nimeandika makala kuhusu mafundi wa Marekani wanaotengeneza viko vya sanaa kwa kioo. Mhariri amebadilisha "kiko cha kioo" kuwa "bomba la kioo" kila mahali, na fundi niliyemwita "mpuliza kioo" sasa ni "mhunzi wa kioo". Je, masahihisho hayo yanafaa?

JIBU: La kwanza halifai. Bomba hupitisha maji, hewa au gesi. Kiko ni chombo cha kuvutia tumbaku. Katika kazi hii tofauti hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu fundi huanza na bomba lenyewe: hukata kipande cha mrija wa borosilikati, kioo kisichopasuka upesi joto linapobadilika, akakilainisha kwenye mwale wa moto wa gesi ya propani na oksijeni huku akikizungusha bila kukoma, hadi kikawa kiko. Ukiviita vyote viwili bomba, msomaji hatajua malighafi imeishia wapi na sanaa imeanzia wapi. (Tena fundi bomba tunamjua, na kazi yake si hii.)

Neno kiko lina utajiri ambao makala yako haijautumia. Kamusi za karne ya 19 zinaeleza kuwa kiko hasa ni kile chombo chenye maji: bori hushika tumbaku, digali huteremsha moshi majini, shilamu huufikisha kinywani, na mbubujiko unaosikika huitwa malio ya kiko. Viko vya maji vya kioo vina sehemu hizohizo, kwa hiyo huna haja ya kubuni "bakuli" wala "shina", ingawa digali na shilamu itakubidi uyafafanue yanapotokea mara ya kwanza.

Mhunzi naye hufua chuma, na kufua ni kupiga kwa nyundo. Wala fundi huyu hasubu, maana kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu. "Mpuliza kioo" ni afadhali, lakini kupuliza ni tendo moja tu miongoni mwa kuvuta, kubana, kutoboa na kuunganisha. Mimi ningeandika "fundi wa kioo", kwa umoja, kwa kuwa "fundi wa vioo" humpeleka msomaji kwenye madirisha.

Neno moja mhariri hakuligusa, na amefanya vyema. Umeandika kwamba Bob Snodgrass wa Eugene, Oregon, ndiye aliyeeneza ufundi wa "kufukiza" viko kwa fedha na dhahabu. Kufukiza tumekuzoea kwa udi na ubani, lakini hapa pia kitu hupitishiwa mvuke ili ukishike: chembe ya madini huchomwa mwaleni mpaka ikawa mvuke, nao ukatanda juu ya kioo kama utando mwembamba sana. Andika tu "madini ya fedha" mwanzoni, asije mtu akadhani kuna noti zilizochomwa.

Sentensi inayofuata ndiyo ningeirekebisha. Umesema kiko kilichofukizwa "hubadilika rangi" kadiri kinavyotumika. Utando ule haubadiliki. Masizi yanayojijenga ndani huwa usuli mweusi, na rangi iliyokuwa imefifia ikaanza kuonekana. Basi andika kwamba rangi yake "hujitokeza".