Jibu: Gamba la usoni linalorudi kila likigandishwa

Pole ndugu. Gamba la usoni kwa mzee, lililodhaniwa dalili ya awali ya saratani, linarudi kila likigandishwa kwa nitrojeni na mengine yamezuka kifuani? Mimi ningeshuku pemfigasi foliasia, ugonjwa wa ngozi: kinga ya mwili hushambulia desmogleini 1, protini inayoshikanisha seli za juu za ngozi. Malengelenge yake ni mepesi mno, hupasuka mapema yakabaki magamba tu.

Daktari wa ngozi akate vipande viwili. Cha ukingo wa kidonda kibichi kiende kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, kikatazamwe kwa hadubini. Cha ngozi nzima iliyo kando yake, cha kipimo cha imunofluoresensi (huonyesha kwa mwanga kingamwili zilizoshika ngozi), kiwekwe kwenye salaini, yaani maji ya chumvi, na kifike maabara ndani ya saa 24, fomalini hukiharibu. Kipande cha kwanza pekee huweza kupotosha, kwani hata magamba ya jua, yale ya dalili ya awali ya saratani, huweza kuonyesha seli zilizoachana.