Fundi Anajibu: Filta inaziba kila wiki, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya kunyonya vumbi ile isiyo na mfuko, ina kopo la plastiki unaona uchafu unazunguka ndani. Mwaka wa kwanza ilikuwa poa kabisa, sahivi naosha filta kila wiki na bado baada ya siku tatu nne inaanza kulia sauti nyembamba na hainyonyi. Filta mpya nimeshanunua mbili na dukani wananiambia ninunue tena. Filta ni feki au mashine ndo imechoka? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba Mama Wawili. Filta ya tatu usinunue kwanza, hela yako itaenda bure. Kwenye mashine kama yako filta inapokea vumbi lililobaki tu, uchafu mwingi unatakiwa uwe umeshaanguka kwenye kopo kabla hewa haijafika pale, kwa hiyo ikijaa ndani ya siku nne jua huko inakotoka hewa kuna kitu kimeacha kufanya kazi.

Umeshapeleka mahindi kusaga si ndio? Lile bati kubwa la koni lililosimama pembeni ya mashine, unga unapulizwa unaingia kwa ubavu, unazunguka ukisugua ukuta, unashuka mpaka kwenye mfuko, halafu hewa inageuka inapanda katikati inatokea juu. Hiyo ndo saikloni, na kopo lako lina hiyo hiyo ila ndogo. Hata James Dyson kule Uingereza, aliyebuni mashine za namna hii, wazo alilipata kwenye saikloni ya kiwanda cha mbao, akatengeneza sampuli 5,127 kabla hajaridhika, na mashine yake ya DC01 ikaingia sokoni 1993. Ndo ujue hiki kitu kina uchungu wake, ukiharibu mwendo wa hewa kidogo tu vumbi linapita.

Sasa mimi kwa dalili zako naanzia chini ya kopo, kwenye ule mlango unaofunguka kumwaga taka. Pale kuna raba. Katikati ya saikloni kuna mvuto mkali unaopanda juu, sasa raba ikiingiwa na mchanga au ikikakamaa, hewa ya nje inapenya kwa chini na kulipuliza vumbi lililokuwa limeshatulia, linapanda moja kwa moja kwenye filta. Mwanya wenyewe unaweza usiuone kwa macho. Wewe uko Tanga, udi haukosekani ndani: washa kijiti kimoja, washa mashine, kisha pitisha ule moshi taratibu kuzunguka mlango wa kopo na pale kopo linapokutana na mashine (kaa mbali na upande unaotoa hewa, utakupotezea moshi na kijiti weka mbali na plastiki). Ukiona moshi umenyooka kama uzi ukaingia ndani, umelipata tundu. Toa raba, ioshe, ufute na mfereji inamokaa kwa kitambaa chenye maji, rudisha. Kama imepasuka nunua raba, bei yake haifanani na ya filta hata kidogo.

Cha pili ni nywele. Ndani ya kopo kuna kile kikapu cha matundu madogo madogo, nyuzi za zulia na nywele zikijisokota pale hewa inapungua kasi, na hapa watu wengi hawajui hesabu yake: kasi ya mzunguko ikishuka nusu, nguvu ya kusukuma vumbi ukutani haishuki nusu, inabaki robo. Yaani mashine bado inanguruma unaona inafanya kazi kumbe haitenganishi kitu, vumbi lote linakimbilia filta. Soksi ya mtoto iliyokwama kwenye paipu inaleta shida ile ile, kwa hiyo chungulia na paipu pia.

Halafu kopo usisubiri lifike MAX. Likifika nusu mwaga, maana uchafu ukipanda juu mkia wa kimbunga unaufikia na kuuchota tena.

Kuhusu kuosha, maji baridi ya bomba peke yake, bila sabuni, bila jiki, na iwe ni filta iliyoandikwa kwamba inaoshwa. Zile za karatasi zenye mikunjo ambazo hazijaandikwa hivyo usizitie maji wala kuzigonga ukutani, zinachanika matundu usiyoyaona. Ikishaoshwa iache kivulini penye upepo masaa 24, na kwa unyevu wa Tanga kipindi cha masika mimi ningeacha siku mbili. Hapa ndo nahisi na wewe umeteleza, ukiirudisha ikiwa na unyevu vumbi linageuka tope ndani ya sponji, na lile tope halitoki tena vizuri. Zile mbili ulizonunua zitunze, moja ikauke nyingine iwe kazini.

SWALI: Mambo vipi kaka, mimi ni seremala hapa Keko, nanyonya vumbi la msasa kwa vakyumu ya ngoma, filta naigonga kila baada ya nusu saa. Kuna ujanja? – Fundi Mbao, Dar

JIBU: Poa kaka. Weka saikloni ya plastiki juu ya mfuniko wa ndoo ya lita 20, paipu ya kazini iingie ubavuni, ya juu iende kwenye vakyumu. Maranda na unga mwingi vitaishia kwenye ndoo. Mfuniko uzibe kabisa kwa sababu ile ile niliyomwambia mama hapo juu, na ndoo iwe nene au upachike mbili ndani kwa ndani, manake paipu ikiziba ndoo nyepesi inabonyea. Ukipigwa shoti ndogo ndogo ni umeme wa msuguano, pitisha waya wa shaba kwenye paipu uufunge kwenye ethi.

Ila kaka nakuomba sana, ule unga mwembamba wa msasa hasa wa MDF (ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi), saikloni haiushiki wote, ndo filta ipo kwa ajili yake. Usiitoe hata siku moja ili inyonye zaidi, utaua mota na utaupuliza unga wote hewani karakana nzima ivute. Vumbi la mbao IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, wameliweka kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa vaa, na vijana wako wavae, hata wakati wa kumwaga ndoo.