Blanketi la viraka lenye alama za kompyuta

SWALI: Dada fundi, nataka kumshonea mwanangu blanketi la viraka lenye alama ya kompyuta ya Macintosh ya 1984. Nipimeje? – Msomaji, Njoro

JIBU: Mama, umenifurahisha sana! Alama zile Susan Kare, msanii wa kampuni ya Apple iliyotengeneza Macintosh, alizichora kwa vyumba vidogo vya mraba, 32 kwa 32, vyeusi na vyeupe tu. Kila chumba kiwe kiraka kimoja, ukikate inchi 2½ kwa 2½. Mshono ukila robo inchi kila upande hubaki inchi 2, na blanketi hutoka inchi 64 kwa 64. Vyeusi vitano vikifuatana, usihangaike: kata ukanda mmoja wa inchi 10½ kwa 2½. Mimi hununua mashati ya pamba ya mitumba pale Kibuye, Kisumu. Kitambaa cheusi kifue kwanza kwa maji moto, maana kikichuja rangi, cheupe chote kimeharibika. Na kwa baridi ya Njoro, nyuma weka flaneli.