Anza na magadi, dhahabu itakuja baadaye

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha historia mwaka huu, usifungue mada ya Misri ya kale kwa dhahabu ya mfalme Tutankhamun. Mimi nilifungua kwayo. Nilibandika ubaoni picha ya kile kinyago chake cha dhahabu, nikasema jeneza la ndani kabisa ni dhahabu tupu, kilo 110 hivi, na kipindi kikaishia hapo. Maswali yote yaliyofuata yalikuwa ya bei na ya laana.

Mwaka uliofuata nikaingia darasani na magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Wamisri walikausha maiti kwa natroni, chumvi ya asili iliyochimbwa hasa Wadi Natrun, magharibi mwa delta ya Nile, na natroni na magadi ni ndugu wa damu. Jina la Ziwa Natron letu limetoka huko huko. Mtoto akishashika magadi mkononi, huna haja ya kumweleza sana kwa nini maiti haikuoza. Unga unafyonza maji, na pasipo maji vijidudu havina kazi.

Nilifukia perege ndani ya magadi ya kusaga niliyochanganya na chumvi. Mara ya kwanza alinuka mpaka darasa la jirani wakalalamika: unga ulikuwa kiduchu, sikuubadilisha, na samaki nilimwacha na matumbo yake. Mara ya pili nikampasua, nikamjaza unga ndani na nje, nikaubadilisha kila ulipolowa. Akakauka kama ng'onda. Lakini jaribio lililonuka ndilo lililofundisha. Wanafunzi wenyewe walisema kwa nini mafundi wa Misri walianza kwa kutoa matumbo.

Baada ya hapo utaratibu unaingia kichwani bila kukaririshwa. Ubongo ulitolewa kupitia puani na haukuhifadhiwa. Maini, mapafu, tumbo na utumbo vilikaushwa kando, vikawekwa katika mitungi minne. Moyo ukaachwa mahali pake, kwa kuwa waliamini ndio makao ya akili, na ndio utakaopimwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu, dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Siku 40 hivi ndani ya natroni. Kazi nzima, pamoja na mafuta na kuviringishwa vitambaa vya kitani, siku 70. Hapo lazima mmoja aseme, "Arobaini, kama yetu!" Mpongeze kwa kusikiliza, kisha mwambie namba kufanana hakutoshi kuwa undugu.

Kuna maneno mawili yatakayokutega. La kwanza ni mumia, yaani maiti iliyokaushwa hivyo. Ukilitamka, nusu ya darasa wanasikia mumiani, yule mnyonya damu waliyetishiwa na bibi zao. Usiwacheke, maana maneno hayo kweli yana asili moja: jina la Kiajemi la lami iliyouzwa kama dawa, ambayo baadaye ilidhaniwa kupatikana ndani ya maiti za Misri. La pili ni Firauni. Kwetu ni tusi, na wengi wamemjua madrasa au kanisani kabla hawajakujua wewe. Eleza mapema kwamba farao ni cheo, kutoka maneno ya Kimisri yenye maana ya "nyumba kuu", na kwamba waliokishika ni wafalme wa nasaba zipatazo 30. Nilipochelewa kusema hivyo, niliulizwa kama Firauni alizama, natroni alipakwa na nani.

Kwenye piramidi usikae sana na hesabu za mawe ya ile kubwa ya mfalme Khufu, kule Giza. Nenda Dahshur, kwenye ile ya baba yake Sneferu, iliyoanza kupanda kwa mwinuko mkali, ikapindwa katikati ukalegezwa. Jirani yake Sneferu akajenga nyingine, yenye mwinuko wa chini tangu msingi. Watoto wanapenda kuona mafundi wakubwa wakijisahihisha hadharani. Wakikwambia yote yalijengwa na watumwa, waambie kuna makaburi ya wajenzi yaliyogunduliwa mwaka 1990 pale pale Giza, na kuna kumbukumbu za kazi, zilizopatikana mwaka 2013, za Merer, kiongozi wa kikosi kilichosafirisha mawe ya chokaa ya piramidi ya Khufu kwa mashua kutoka machimbo ya Tura.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni rejista. Ndiyo, mahudhurio! Mafundi waliochonga makaburi ya wafalme waliishi kijiji cha Deir el-Medina, na kipande cha chokaa cha mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II, sasa kiko makumbusho London, kinaorodhesha wasiofika kazini na sababu zao. Huyu kaumwa na nge. Huyu macho. Huyu anapika pombe. Darasa linacheka. Huyu anamfunga sanda mama yake. Hapo soma taratibu, halafu nyamaza kidogo.

Kisha waeleze kwamba mafundi wa kijiji hicho hicho, mwaka wa 29 wa Ramesses III, waliweka zana chini wakaenda kuketi mahekaluni kwa sababu posho yao ya nafaka ilichelewa.

Kinyago cha Tutankhamun sasa nakitoa kipindi cha mwisho. Safari iliyopita swali la kwanza lilitoka nyuma kabisa: "Mwalimu, waliokitengeneza walilipwa?"